Nani Alikata Nguzo za Daraja

Jumatatu, 3 Machi

Katuni maarufu ya shemeji yangu inaisifu serikali, haiikosoi. Aliyesema hivyo ni msichana wa kidato cha tatu, leo asubuhi, darasani, mbele ya wenzake wote na mwalimu wao. Mwalimu mwenyewe ni binti wa shemeji. Amenipigia saa ya mapumziko, anacheka huku amebana sauti kama mtu aliyejificha stoo.

Nikamwambia atulie, aanze mwanzo. Ni hivi. Maktaba ya mji inafungua maonyesho ya katuni za baba yake Jumamosi ya tarehe 22. Jina la maonyesho: Kalamu Isiyoogopa. Mkutubi, kwa kutaka vijana waje, ameliomba darasa la historia liandike maelezo ya kubandikwa chini ya kila picha. Mwalimu akakubali. Na kama afanyavyo siku zote, alifunika saini kabla ya kuwagawia—wasome kilichochorwa, si jina la aliyechora. Wanafunzi hawajui kwamba ni kazi ya baba yake.

Picha yenyewe kila mtu wa rika langu anaijua. Waziri wa Ujenzi wa enzi zile kasimama mtoni, suruali kaikunja, tai shingoni. Mgongoni kabeba wananchi: mama wa sokoni na kikapu chake, mzee na fimbo, mwanafunzi, na mwanamume aliyejitwika baiskeli. Waziri anatabasamu. Chini pameandikwa: "Tutafika!"

Shemeji ameishi na sifa ya katuni hiyo zaidi ya miaka thelathini. Kila harusi, kila msiba, anasimulia alivyomdhihaki waziri aliyeahidi daraja asilijenge, na jinsi askari walivyomfuata ofisini. Mwanzo askari walikuwa wawili. Mara ya mwisho niliposikia walikuwa na gari.

"Mama mdogo, nifanyeje?"

Nikamwambia afanye vile ambavyo angefanya kama ingekuwa picha ya baba wa mtu mwingine. Akasema: ndiyo maana huna marafiki. Akakata simu.

Jumanne, 4 Machi

Mhariri anataka makala ya ukurasa mzima juu ya shemeji, itoke Jumapili baada ya ufunguzi. Kichwa cha habari kimeshawekwa kabla sijaandika neno—Kalamu Isiyoogopa. Nikamuuliza kama kuna mtu amehakikisha kwamba haikuogopa. Akadhani natania. Kijana mzuri, rika la mwanangu. Anaogopa nafasi tupu ukurasani kuliko anavyoogopa kosa.

Nimeomba kuingia darasani Alhamisi. "Si ni katuni tu, mama?" akauliza mhariri. Ni katuni tu. Ndiyo maana naenda na kalamu moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikaa dawati la nyuma. Dawati limetengenezwa kwa ajili ya watu wasio na nyonga.

Mwalimu ana utaratibu wake. Ubao umegawanywa safu tatu: Naona. Nadhani. Kwa ushahidi gani? Haruhusu neno kwenye safu ya pili kabla ya ya kwanza kujaa. Ningependa kuwaleta wenzangu wote wa chumba cha habari wakae pale wiki moja, mimi nikiwa wa kwanza kuitwa ubaoni.

Wakaona tai. Wakaona kikapu. Wakaona samaki—kweli, yuko samaki kwenye kona, miaka yote sijamwona. Kuna mvulana wanamwita Mheshimiwa, kwa sababu husimama kuchangia hata asipoitwa na hakai mpaka avutwe shati. Akasimama. Samaki ni misaada ya kigeni.

"Ushahidi?"

"Anaogelea kwenda kwa waziri, mwalimu. Kwa wananchi haendi."

Darasa likapiga meza. Mwalimu akaandika. Nami nikaandika.

Ndipo akainuka yule msichana wa Jumatatu. Anaandika kwa wino wa kijani, wenzake wanamwita Kijani. Hana haraka. Akasema, tazameni maji, yamemfika waziri chini ya goti. Mto si wa kina. Hawa watu wangeweza kuvuka kwa miguu yao. Lakini hakuna anayetaka kushuka, wote wamefurahi. Na waziri ndiye mzuri kuliko wote—ana meno yote. Mama wa sokoni hata pua hakuchorewa!

Kicheko. Akangoja kiishe.

"Aliyechora hivi, mwalimu, ama anampenda waziri, ama anamwogopa."

Mwalimu alikuwa ameelekea ubaoni. Chaki ilisimama. Nilichoona mimi ni mabega tu.

Kisha wakabishana ni nani anayesema "Tutafika!". Kama ni waziri, ni ahadi. Kama ni waliobebwa, ni sifa. Mheshimiwa akasema huenda ni mto. Akavutwa shati.

Maelezo waliyokubaliana: "Waziri anaonyeshwa kama mtumishi anayewabeba wananchi. Katuni ilichorwa kumsifu." Hapo mwalimu akabandua karatasi iliyofunika saini. Jina la ukoo wake, wino mweusi, halina pa kujificha. Kijani akatazama saini, akamtazama mwalimu, akarudi kwenye saini.

"Mwalimu, tufute?"

"Kuna ushahidi mpya?"

"Hakuna. Kuna woga tu."

"Basi usifute."

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa shemeji. Binti alikuwa amemwambia. Mzee alikula kama kawaida, ila kwa kelele zaidi.

Watoto wa siku hizi! Waziri hawamjui, mto hawajauvuka kwa miguu, leo wananisomea picha yangu mwenyewe! Mume wangu, ambaye ni mdogo wake na amengoja nafasi kama hii tangu utotoni, akamuuliza kama picha ilitoka na karatasi ya maelekezo, kama dawa. Shemeji akamwambia anyamaze ale. Binti akainamia sahani.

Halafu likaja jipya. Picha ilikatwa! Upande wa kushoto, anasema, alichora nguzo tatu za daraja zilizoachwa katikati ya ujenzi, na juu ya nguzo moja mbuzi amelala. Bila nguzo, waziri ni mtumishi mwema. Pamoja na nguzo, ni mtu aliyekula daraja akaanza kubeba watu. "Bila mbuzi, ile si picha yangu!"

Nikamuuliza nani alikata.

"Wakubwa."

"Yupi?"

"Wakubwa ni wakubwa, shemeji. Kwani wana majina?"

"Huwa wanayo."

"Mmeona? Chanzo Chetu kaanza." Ndiyo jina alilonipa tangu nilipoolewa. Nimelizoea.

Picha halisi iko wapi? Shemeji akasema waziri aliinunua wiki ileile. Marehemu sasa. Inawezekana iko kwa mjane wake.

Njiani nilimuuliza mume wangu kama katika miaka yote hiyo amewahi kusikia habari za nguzo. Akafikiri mpaka taa za barabarani zikabadilika. Hakuwahi. "Lakini kaka hawezi kubuni mbuzi," akasema. "Askari, ndiyo. Mbuzi, hapana."

Jumatatu, 10 Machi

Chumba cha magazeti ya zamani. Nimelipata toleo lenyewe. Picha ni ileile waliyopewa darasani. Kushoto kwake, tangazo la sabuni, pana kama shuka. Samaki wa Mheshimiwa hana mkia: mwili umeishia kwenye ukingo wa picha, kama aliyebanwa na mlango. Kwa hiyo kweli kuna kilichokatwa. Pointi moja kwa shemeji.

Nikampigia mpanga kurasa wa enzi zile, mstaafu, anafuga kuku siku hizi na anaongea kwa kelele kuwashinda. Nikamuuliza: nani alikata? Akakasirika kwa heshima. Katuni ya mtu haikuguswa na mtu mwingine! Ulikuwa mwiko. Mchoraji aliitwa chini, akaonyeshwa nafasi iliyopo, akaweka mstari mwenyewe kwa penseli ya bluu.

Penseli ile naikumbuka. Bluu hafifu, ya maji. Kamera ya mtambo wa kuchapia haikuiona, kwa hiyo uliweza kuandika maelekezo juu ya picha na yasitoke gazetini.

"Na nani alimwambia nafasi iliyopo?"

"Sabuni," akasema.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji kaenda darasani. Aliomba mwenyewe aalikwe. Koti, kiatu kilichopigwa rangi, nywele zimechanwa mpaka zikakubali. Wanafunzi wakasimama: shikamoo mzee! Marahaba, wanangu, kaeni, kaeni. Alikuwa na furaha ya bwana harusi.

Akaanza na askari. Safari hii walikuwa na gari na redio ya upepo. Kisha nguzo. Kisha mbuzi. Alisimulia vizuri, sitaki kumpunja. Mheshimiwa alikuwa ameshamwamini kabla ya mbuzi kufika.

Kijani akainua mkono. "Ushahidi, mzee?"

"Mimi ndiye niliyechora!"

"Ndiyo, mzee. Lakini unatuambia leo. Mtu akieleza leo mambo ya zamani, hicho ni chanzo cha leo. Ndivyo mwalimu alivyotufundisha."

Shemeji akamtazama mwalimu. Mwalimu akaitazama chaki.

Basi akaomba hiyo chaki. Akachora nguzo tatu na mbuzi, papo hapo. Mbuzi alikuwa mbuzi kweli—dharau yote machoni. Makofi! Yakaisha. Mheshimiwa, na shati lake tayari limeshikwa, akasema kwa upole kabisa: "Mzee, mbuzi ni mzuri. Lakini ana umri wa dakika tano."

Hata mimi nilishindwa kujizuia. Nikajifanya nakohoa.

Wakamuuliza na samaki. Akasema samaki alikuwa doa la wino lililomponyoka, akaliwekea jicho na mapezi. Misaada ya kigeni ikazama hapohapo. Mheshimiwa akauliza kama anaruhusiwa kuendelea kuamini tafsiri yake. Mwalimu akajibu: mchoraji hana neno la mwisho, na wewe pia huna.

Azimio la darasa: picha halisi ikipatikana, na nguzo zikiwemo, maelezo yataandikwa upya. Mkutubi anayataka Ijumaa ya tarehe 21, mchana. Yasipofika, picha haitundikwi.

Kwenye korido shemeji alikuwa ameloa jasho. "Wamenihoji kama mwizi wa kuku!"

"Wamekuhoji kama waziri," nikamwambia.

Akalifikiria hilo. Likampendeza kidogo. Kisha, alipokuwa anaingia garini: "Itafute hiyo picha, Chanzo Chetu. Utaona."

Jumamosi, 15 Machi

Nimeiona.

Mjane wa waziri anaishi nyumba ya chini, sebule ndogo, makochi yenye vitambaa vyeupe mgongoni. Mama mfupi, mcheshi, haachi kutengeneza miwani. Picha iko juu ya televisheni. Nguzo tatu. Mbuzi juu ya ile ya kati, kalala kama mwenye nyumba. Samaki ana mkia. Shemeji alisema kweli.

Nilimuuliza kama marehemu alijua kwamba anachekwa. Akashangaa swali. Kila mgeni aliyeingia humu, alimwonyesha mbuzi kwanza! Akisema, huyo ni mimi nikiwa kikaoni. Alicheka mpaka akakohoa. Gazetini mbuzi hakuwemo, akasema, na marehemu alisikitika. Aliona wamemfanya mtakatifu.

Nikamsimulia habari za darasa, na kwamba kuna binti aliyegundua waziri amechorwa na meno yote.

"Hakuwa nayo yote," akasema mjane.

Niliomba tuishushe niipige picha. Kwenye mwanga wa dirisha, kati ya nguzo na waziri, kuna mstari. Umesimama wima, juu hadi chini, bluu iliyofifia. Mjane akasema huo siku zote walidhani ni maji. Si maji. Kando yake, kwa herufi ndogo zilizolala ubavu: Kata hapa. Mwandiko ni wa shemeji. Baadaye nilikaa naye meza kwa meza gazetini miaka kumi na miwili, naijua K yake—ina mguu mrefu, kama inataka kuipiga teke herufi inayofuata.

Sikumwambia mjane kitu. Yeye ndiye aliyeniambia: hatampa mtu picha yake abebe. Ataileta mwenyewe darasani, Alhamisi, kisha iende maktaba. "Nataka kumwona huyo mtoto wa meno."

Kwa hiyo picha inakwenda mbele ya Kijani. Na Kijani atauona mstari. Hilo sihitaji chanzo cha pili.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia mume wangu tu. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. "Kaka hajawahi kukata hata kucha bila kuuliza mtu."

"Basi alimuuliza nani?"

"Muulize. Si ndiyo kazi yako?" Akanirushia soksi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempigia shemeji. Anayetajwa kwenye habari hupewa nafasi ya kujibu kabla haijatoka, hata akiwa ndiye aliyesimamia harusi yako.

Nikamwambia nguzo zipo. Na mbuzi yupo. Akapiga kelele ya ushindi, nikasikia akimtangazia jirani dirishani. Nikamwacha amalize.

"Kuna na mstari wa bluu, shemeji. Pameandikwa kata hapa."

"Bluu haionekani kwenye kamera," akasema.

"Siku hizi inaonekana."

Akaanza kueleza. Tangazo la sabuni lilikuwa pana mno, unajua mambo ya matangazo. Nikamuuliza kwa nini hakukata upande wa kulia, ambako kuna majani matupu. Akasema atanipigia.

Alipiga. Mhariri mkuu wa wakati ule alimwita, akaitazama picha, akasema neno moja: tafakari. Nikauliza: alikwambia ukate nguzo? "Alisema tafakari." Alitaja nguzo? "Shemeji, wewe hujawahi kuambiwa tafakari?" Nimewahi. Nikarudia swali langu. Akakata simu.

Mara ya tatu alipiga nikiwa jikoni. Sauti ya chini. Siku ile binti alikuwa hajatimiza mwezi, alisema. Waandishi wawili walikuwa wameachishwa kazi mwezi uleule. Andika hilo. Kabla sijaweka kijiko chini: usiandike.

Nikamwambia aliyekwisha sema hawezi kufuta, ila anaweza kuongeza.

"Wewe ni shemeji au ni mahakama?"

"Leo mwandishi. Jumapili nitakuwa shemeji."

Sababu tatu kwa mstari mmoja. Zinaweza zote kuwa kweli. Hata sabuni.

Askari hakuwataja. Sikumkumbusha.

Jumanne, 18 Machi

Binti kaja nyumbani na mkoba wa madaftari, hakuufungua. Baba yake amemwambia mwenyewe, jana jioni, wakiwa wamesimama getini. Ameniletea tu kwa sababu hana pa kuliweka.

"Kasema alikata kwa ajili yangu. Mama mdogo, mimi nimekuwa ushahidi!"

Nikamwekea chai.

"Sijui nimshukuru au nimpe sifuri."

Nikasema mtu wa mwezi mmoja hakati katuni, kwa hiyo asijibebeshe. Akasema hilo analijua. Anachotaka kujua ni kama amwachie mwalimu mwenzake kipindi cha Alhamisi. Nikamuuliza huyo mwenzake anafundisha nini. Jiografia. Tukacheka wote wawili, kwa dhambi. Atafundisha mwenyewe. Hatawadokeza wanafunzi, wala hatawazuia.

Mkutubi naye kampigia: mabango ya Kalamu Isiyoogopa yameshatundikwa mlangoni, tafadhali maelezo yasiwe "na mgongano". Mwalimu akamwambia ni somo la historia, si mapambo ya keki.

Mhariri anauliza makala imefika wapi. Nimemwambia ina aya moja. Anauliza kama ni nzuri. Ni sahihi, nikamwambia.

Alhamisi, 20 Machi

Naandikia hapahapa, dawati la nyuma, darasa likiwa linatoka. Magoti yanauma.

Mjane alifika amebeba picha ndani ya shuka, amefunga fundo kama mzigo wa safari. Akataka kwanza aonyeshwe mtoto wa meno. Kijani akasimama, akaona haya—mara ya kwanza! Mjane akamshika kidevu, akamtazama vizuri, akasema na awe anatazama hivyohivyo. Akakaa kwenye kiti cha mwalimu bila kuambiwa.

Picha ikaegemezwa ubaoni. Wakaitwa wachache wachache, waisogelee. Mbuzi akapokelewa kwa shangwe. Mheshimiwa akamwinamia: "Samahani, mzee wangu. Kumbe ulikuwepo." Wakaona mkia wa samaki. Wakaanza kusema maelezo yafutwe, mzee alisema kweli, tumwombe radhi.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Alichelewa. Bila koti leo. Hakwenda mbele—alitafuta dawati lililo wazi, akaketi kando ya kiti cha Mheshimiwa, magoti juu ya meza. Mwalimu alimwona. Aliendelea kuita majina.

Zamu ya Kijani. Alikaa mbele ya picha muda mrefu kuliko wengine mpaka wa nyuma wakaanza kunong'ona. Akainamisha kichwa ubavu.

"Mwalimu. Huu si mto."

Akasoma kwa sauti. Kata hapa. Darasa likamwagika mbele, likarudishwa. Kijani akageuka, akamtafuta kwa macho, akampata.

"Mzee, samahani. Mwandiko huu ni wa nani?"

Nilikuwa na kalamu tayari. Nilikuwa na sababu tatu kwenye daftari, nikasubiri ni ipi itatoka.

"Wangu," akasema shemeji.

Basi. Hakuongeza kitu.

Kukawa soko. Mheshimiwa, ambaye sasa amekaa naye bega kwa bega, akasema kwa huzuni ya kweli: "Mzee, kumbe ni mwoga?" Msichana wa dirishani akampinga, mwoga hachori mbuzi. Mwingine: mwoga humchora, kisha humkata. Mjane akawauliza kama wao wangekata. Mikono ikapanda, ikashuka, ikapanda nusu. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na swichi ya taa, mikono nyuma.

Kijani alikuwa bado mbele ya picha.

"Lakini hakumfuta," akasema. "Gazetini alimkata. Kisha akampelekea waziri picha nzima, na mbuzi wake. Watu wote hawakumwona mbuzi. Aliyemwona ni yule aliyechekwa."

Mimi sikuwa nimeliwaza hilo. Nililipigia mstari.

Shemeji alifungua mdomo. Nilijua kinachokuja: kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo, kwamba ulikuwa mpango. Nafasi ilikuwa imeachwa wazi, na mlango umeshikiliwa na mtoto. Miaka yote ninayomfahamu hajawahi kupita mlango kama huo bila kuingia. Akamtazama binti yake kule kwenye swichi. Akafunga mdomo.

"Mzee, ulikusudia hivyo?" akauliza Kijani.

"Sikumbuki," akasema. "Nilihitaji hela, nikauza picha." Kisha: "Pengine."

Kijani akaandika vyote viwili. Kwa kijani.

Mwalimu akafuta ubao wote. Akachora safu tatu upya. Akasema maelezo ya darasa zima hayafai tena. Kila mmoja aandike yake peke yake, bila kunong'ona, na yatakayokuwa na ushahidi mwingi ndiyo yatakayobandikwa chini ya picha. Akapita akigawa karatasi, safu kwa safu. Alipofika dawati la nyuma akampa Mheshimiwa. Akampa na baba yake.

Mzee aliitazama ile karatasi kama wito wa mahakama. Akaomba kalamu kwa jirani yake. Akaandika, akakata, akaandika tena. Mimi niko upande wa pili, sikuona hata neno. Nilichoona ni hiki: Mheshimiwa alipochungulia, shemeji aliizungushia karatasi mkono wake wote, kama mtoto anayelinda jibu.

Kengele. Viti. Mjane anafunga shuka. Shemeji bado kainama.

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, mkono juu. "Naomba muda zaidi."

Binti yake alikuwa anapangusa chaki vidoleni. Akamjibu kama anavyowajibu wote: kesho, Ijumaa, kipindi cha pili, ndiyo mwisho wa kukusanya.